Tupeane uzoefu: diski za gemu za mitumba na jasho la aliyeitengeneza

Ndugu zangu, nimebishana na binamu yangu wiki nzima. Yeye anasema ukinunua diski iliyotumika umemnyima mtengenezaji haki yake, maana kampuni hulipwa mara moja tu, diski ikiwa mpya. Ikiuzwa mara ya pili na ya tatu, pesa ni ya mwenye duka na mwenye diski. Hapo hajadanganya. Lakini bila mitumba mimi nisingekuwa nacheza kabisa.

Naanza na yangu. Kila Agosti nauza diski yangu ya gemu ya mpira, kwa sababu mpya ikishatoka Septemba, ya zamani haina bei. Mwaka juzi nilipata shilingi 2,500 pale Moi Avenue, Nairobi, nikaongezea ya mshahara, nikachukua mpya. Sasa ile 2,500 si imeishia kwa mtengenezaji? Binamu hilo hataki kulisikia.

Haya, wewe ulinunua gemu gani, wapi, na baadaye ikaenda wapi?

Muuzaji wa Luthuli
Niko kwa kibanda mwaka wa tisa. Diski ikiletwa naigeuza chini ya taa. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni haunitishi sana, mara nyingi diski itasomeka. Ule unaozunguka kufuata duara ndio unaoiua.

Kisa changu ni cha enzi za PS3, mashine ya gemu ya Sony. Kijana alinunua gemu ya mbio, kesho yake akarudi machozi yakimlenga. Gemu inafunguka, lakini kucheza na wenzake mtandaoni inadai namba ya siri iliyokuwa kwenye karatasi ndani ya kasha, na mwenye diski wa kwanza alishaitumia. Namba nyingine ilikuwa dola 10. Kumbe ndiyo njia waliyobuni watengenezaji ili diski ya mitumba nayo iwalipe. Mtindo ulianza 2010, na 2013 walioanzisha wakauacha. Nilimrudishia kijana pesa zote. Hasara ilikuwa yangu, lakini yeye hakuwa na kosa.

Mwandishi wa gemu, Ngong Road
Tuko watatu, tunatengeneza gemu ndogo za kompyuta. Naomba mnisikilize bila kunirukia. Gemu kubwa hulisha mamia ya watu kwa miaka kadhaa kabla haijauza nakala hata moja, na sehemu kubwa ya mauzo huja wiki za mwanzo. Duka likipanga iliyotumika kando ya mpya wiki hizo hizo, kwa bei pungufu kidogo tu, halafu faida yote ikabaki pale, hiyo inauma. Lawama ya watengenezaji kule Marekani ilikuwa kwa maduka makubwa ya namna hiyo. Kijana wa Kayole anayenunua gemu ya miaka 5 iliyopita hajamwibia mtu, mauzo ya mpya yalishaisha.

Mimi mwenyewe nilianzia kwenye kibanda cha Umoja, shilingi 20 kwa mechi, na kasha jipya sikuwahi kuliona pale. Leo gemu yetu haina diski. Tunaiuza Steam, duka la gemu la mtandaoni, wanakata asilimia 30, inayobaki tunagawana. Hakuna anayeweza kuiuza tena, na bado kodi ya nyumba inatushinda miezi mingine. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba mitumba ikifa sisi tutatajirika.

Mama Wawili, Donholm
Mimi nilinunulia watoto mashine isiyo na mahali pa kuingiza diski, ilikuwa nafuu. Gemu ya kwanza kwa mtandao, zaidi ya 6,000. Wiki mbili wameimaliza. Nikataka kuiuza nipate ya karo, nikaambiwa haiuziki, nilicholipia ni ruhusa ya kucheza. Hata kumwazima binamu yao wa Machakos siwezi. Kwa nini hilo halikusemwa pale kaunta?

Aliyeanzisha mada
Pole sana, mama. Hata mahakama zimegawanyika. Japani, Mahakama ya Juu iliruhusu gemu zilizotumika ziuzwe, 2002, na hizo zilikuwa nakala za kushikika, si za mtandaoni. Ufaransa, 2019, mahakama ya Paris ilisema mtu aweze kuuza hata gemu aliyonunua Steam. Rufaa ya 2022 ikaifuta hukumu hiyo.

Wanaokumbuka Juni 2013: Microsoft walitangaza masharti ya kuuza na kuazimana diski za mashine yao mpya ya gemu, Xbox One. Sony, wapinzani wao, wakatoa video fupi, mtu anampa mwenzake kasha la gemu, basi, imeisha. Kabla mwezi haujaisha Microsoft wakarudi nyuma. Niliitazama video hiyo saiba ya Kimathi Street na watu wakapiga makofi.

Wa Buruburu
Yangu ni fupi. Nina diski ya PS2 niliyonunua kwa jirani nikiwa darasa la saba. Ndani ya kasha kuna majina manne yameandikwa kwa kalamu, moja chini ya jingine, langu la mwisho. Mpwa wangu ameiomba. Jumamosi nampelekea, na kalamu.