Tupeane uzoefu: siku uliyochora ndege, mnyama au mti kwa ajili ya nafsi yako

Mwalimu wa Chati (Morogoro)

Habari zenu wapendwa.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 31. Miaka yote hiyo nimechora ng'ombe yule yule: amesimama ubavu, kichwa kushoto, mishale imemtoka kila upande. Pembe, nundu, kiwele, kwato. Karatasi ya manila, kalamu ya wino mzito, gundi, ukutani. Niliipenda kazi ile na watoto walielewa. Lakini ng'ombe yule alikuwa wa mtihani, hakuwa wangu.

Nilipostaafu nilibaki na kisanduku cha rangi za maji na brashi tatu. Mbele ya baraza letu kuna mnazi, na kwenye mnazi wameweka makao mnana, ndege wanaosuka viota. Asubuhi moja nilikaa na chai yangu nikamwangalia dume mmoja tangu jua linachomoza mpaka chai ikapoa. Anauma ukingo wa kuti, anaruka, na utepe mrefu wa kijani unachanika nyuma yake. Anarudi nao tawini, anaukanyaga kwa mguu, anaupitisha juu, anaupitisha chini, anavuta. Kiota kikishapata umbo ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapigapiga mabawa na kuita. Jike anakuja, anaingia ndani, anavutavuta nyuzi kuzijaribu, anatoka. Akikataa, na kiota kikakauka kikawa cha rangi ya majani makavu, dume hukibomoa kwa mdomo wake mwenyewe na kuanza kingine kibichi.

Nikachukua karatasi nikamchora. Tumbo la njano lilinitesa. Nilitaka kivuli, nikatia weusi kidogo kwenye njano, ikageuka kijani cha tope. Siku tatu nilihangaika nayo. Mwisho nikaacha weusi kabisa, nikatia zambarau kidogo sana, ncha ya brashi tu, na njano ikatulia, tumbo likavimba kama la ndege aliye hai. Jicho lake ni jekundu, nililiacha la mwisho.

Nilipomaliza mkono ulikwenda wenyewe kwenye mdomo wa ndege kuanza kupiga mshale. Miaka 31 si mchezo. Nikauinua mkono. Picha ikabaki bila mshale hata mmoja, na nilikaa nayo pale barazani nikalia kwa furaha.

Tangu siku hiyo kila asubuhi nachora. Naomba nanyi mtusimulie: ulichora nini, ulitumia nini, kilikupa nini? Ombi langu moja, kiwe kitu ulichokiona kwa macho yako, si picha uliyoikuta kwenye simu.

Fundi Magamba (Dar es Salaam)

Shikamoo Mwalimu. Asante kwa uzi huu, nimeusoma mara mbili.

Mimi kuchora ndiyo riziki yangu, rangi za mafuta, mtindo wa Tingatinga. Kuna vijana wanadhani hilo ni jina la ule mtambo wa barabarani tu. Ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, aliyeanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 hivi kwenye mbao za kuezekea dari, kwa rangi ile ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na askari waliomdhania mhalifu. Miaka minne, na sisi tunakula mpaka leo. Nikimfikiria huwa nanyamaza kidogo kabla ya kushika brashi.

Kazi ya kuuza ina utaratibu wake. Unavuta marikani kwenye fremu, unapiga rangi ya chini, unaacha ikauke. Unapaka mandhari, njano inayoingia kwenye nyekundu, unaacha ikauke. Ndipo unaweka mnyama. Wateja wanataka twiga, tembo, pundamilia na simba, na mimi nawachora kwa moyo wote, sina neno baya nao. Ila kuna mnyama mmoja nilikuwa namdai mwenyewe.

Nikiwa na miaka tisa, kijijini kwa babu, watu walimkuta kakakuona njiani alfajiri wakamleta uwanjani. Wazee wakamzungushia vitu: maji kwenye kibuyu, mtama, jembe, mkuki. Atakachokiendea ndicho mwaka utakavyokuwa. Watu wazima wote kimya. Yeye akajikunjua polepole, na ninachokumbuka kuliko vyote ni mlio wa magamba yake yakisuguana, kama mtu anayechambua maharage kwenye sinia. Alikwenda kwenye maji. Akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakamrudisha porini wenyewe.

Miaka miwili iliyopita nilianza kumchora usiku, baada ya kazi. Kila gamba ni mipigo mitatu. Wa kwanza kahawia nzito, uache ikauke. Wa pili rangi ya udongo, ukiacha ukingo wa chini. Wa tatu uzi mwembamba wa njano iliyofifia kwenye ncha. Rangi ya mafuta haitaki haraka, ukigusa kabla haijakauka zinaingiliana na gamba linakuwa tope. Nilitumia usiku tisa. Nilipofika kwenye mkia, fremu iko magotini, nje mvua inanyesha, nikausikia ule mlio wa maharage kwenye sinia. Niliusikia wazi, Mwalimu.

Babu yangu alikuwa bado hai. Nilimpelekea picha kwa basi, nimeifunga ndani ya godoro la sponji isikwaruzwe. Aliipapasa kwa kidole, gamba kwa gamba, akasema, "Huyu ndiye aliyetuletea mvua."

Mwalimu wa Chati

Marahaba mwanangu. Nimemsomea mume wangu habari ya babu yako kwa sauti, ameniomba nirudie. Tafadhali endelea kumchora kakakuona. Anawindwa mno kwa ajili ya magamba hayo hayo, na watoto wengi watamjua kwenye picha kama yako kabla hawajamwona.

Mtoto wa Nakuru (Dubai)

Hamjambo nyote. Nimezaliwa Nakuru, sasa ni mwaka wa sita nafanya kazi ya ulinzi huku Dubai.

Nilipokuwa mdogo ziwa letu lilikuwa na ukingo wa waridi. Mzee wangu alikuwa akinibeba mabegani tuwaone flamingo, wale ambao vitabu vya shule viliwaita heroe. Baadaye maji ya ziwa yakapanda sana, yakameza hadi sehemu ya barabara za hifadhi, na ndege wengi wakahamia maziwa mengine. Nilipoondoka Kenya nilidhani nimewaacha kabisa.

Siku yangu ya mapumziko mmoja wetu akanipeleka Ras Al Khor. Kuna vibanda vya kutazamia ndege, unakaa kimya ndani, mbele yako matope na maji, nyuma kabisa majengo marefu ya mjini. Na katikati, flamingo. Nilishika ukuta wa kibanda, kaka zangu, magoti yaliniishia nguvu.

Nikaanza kwenda na daftari dogo na kalamu ya wino. Mwezi wa kwanza kila ndege niliyemchora alionekana kama ameanguka. Nilikuwa nakosea mguu. Ile sehemu inayokunjika kwenda nyuma nilidhani ni goti lililogeuka, kumbe ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya. Nilipoelewa hivyo ndege akasimama kwenye karatasi.

Kisha nikagundua kitu ambacho miaka yote sikukijua. Flamingo wa huku mdomo wake ni wa waridi na ncha nyeusi. Wale wadogo waliojaa Nakuru yetu mdomo wao ni mwekundu wa giza, unakaribia weusi. Nilikuwa nimewatazama utotoni mwangu wote na sijawahi kuwaona, mpaka kalamu iliponilazimisha. Sasa nachora wote wawili kwenye ukurasa mmoja, wa huku kushoto, wa nyumbani kulia. Wa huku namchora kwa kutazama, wa nyumbani namchora kwa kumbukumbu, na kila wiki huyu wa kulia anazidi kuwa sahihi. Namtumia binti yangu. Ana miaka saba, amewabandika juu ya kitanda.

Kolo Mlimani (Kondoa)

Nami niongeze kidogo. Huku kwetu kuchora wanyama ni jambo la kale sana. Michoro ya miambani ya Kolo, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ina twiga, tembo na pofu, yule swala mkubwa, kwa rangi nyekundu, juu ya mawe ambayo mimi nilichungia mbuzi pembeni yake. Mama alitufunza tusiiguse wala tusiimwagie maji ili ionekane vizuri, kama baadhi ya wageni walivyokuwa wakifanya.

Nilijaribu mwenyewe nyumbani, kwenye ubao. Udongo mwekundu nikausaga, nikauchekecha kwa kitambaa, nikauchanganya na kiini cha yai. Unashika vizuri sana. Nilichora pofu kwa mstari mmoja tu wa mgongo, kutoka nundu hadi mkia, bila kuinua kidole. Nilirudia mgongo huo mara nyingi mno siku ile. Aliyechora ule wa mwambani aliupata kwa mpigo mmoja, na kila nikipita pale natamani ningemjua.

Mpwani (Unguja)

Asalaam alaykum.

Mimi nilikaribia kutokuandika, kwa sababu sichori mnyama wala ndege. Nilifundishwa chuoni, yaani madrasa, kuwa kuchora chenye roho si vyema, na kwamba anayependa kuchora achore miti na visivyo na roho. Najua ndugu zetu wengine wana mtazamo tofauti na nawaheshimu. Mimi nimeshika hilo tangu mdogo, na halijaninyima kitu.

Nachora mikoko. Niko karibu na ghuba ya Chwaka, maji yakitoka naingia na ubao wangu. Asiyejua huona kichaka kimoja kirefu cha kijani. Lakini mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyeinua kanzu avuke maji. Mchu mizizi yake imetokeza kwenye tope, vidole vidole, mamia, vyote vinatazama juu. Mbegu ya mkoko inaanza kuota ingali imening'inia kwa mama yake, ndefu kama penseli, kisha inaanguka.

Tope ndilo lililonifunza rangi. Skuli tuliambiwa tope ni kahawia. Kaa nalo saa moja baada ya maji kutoka. Kwanza ni la fedha kwa sababu bado lina ngozi ya maji juu yake. Kisha linakuwa buluu ya kijivu. Likipigwa na jua la saa tano linapauka kama jivu, na kwenye alama za nyayo zangu linabaki jeusi. Rangi nne, tope moja, na bahari inarudi kabla hujamaliza. Naipenda haraka hiyo. Najua nina muda wa maji tu.

Wino wangu mwingine ni magome ya mkandaa, aina nyingine ya mikoko, yaliyodondoka yenyewe, nayachemsha mpaka maji yanakuwa mekundu kama chai nzito. Sikati mti. Nikipaka rangi hiyo kwenye karatasi kabla ya kuchora, picha nzima inapata joto la jioni. Nimechora sehemu ile ile kwa miaka mitano, bamvua kwa bamvua, yaani kila maji makuu. Nilipozipanga sakafuni kwa mpangilio wa miaka nikaona mche mmoja mdogo, niliouchora kama kijiti mwaka wa kwanza, sasa umefika kifuani kwangu. Nikasema alhamdulillah.

Mwalimu wa Chati

Waalaykum salaam. Kuhusu tope kuwa kahawia, mimi ni mmoja wa walimu walioyafundisha hayo, na nimefurahi kusahihishwa. Kesho natoka na brashi kulitazama tope la shambani kwangu.

Mgeni (Mwanza)

Shikamooni wakubwa. Sijawahi kushika brashi. Nina kalamu ya bluu na daftari la mahesabu ya duka. Naanzia wapi?

Fundi Magamba

Karibu mdogo wangu. Kalamu hiyo inatosha. Usinunue kitu chochote leo. Tazama kitu kilicho karibu kwa dakika kumi bila kuchora, kisha chora ukiwa unakitazama, macho yawe zaidi kwenye kitu kuliko kwenye daftari. Ukikosea usifute, chora mwingine pembeni yake.

Mgeni (Mwanza)

Nimefanya. Kumenyesha, kumbikumbi wametoka, na ukutani karibu na taa ya dukani kuna mjusi anawangoja. Nimemchora mara nne. Wa kwanza miguu ilikuwa kama ya kiti. Wa pili nikaona vidole vyake vimepanuka kwenye ncha. Wa tatu nilimsahau mkia kwa sababu aliruka. Wa nne alisogea juu ya taa yenyewe, mwanga ukapita mwilini mwake, na mwili wake unapitisha mwanga kama karatasi iliyopakwa mafuta! Mteja aliyekuja kununua sukari naye amesimama hapa anatazama.

Mwalimu, tumboni ana vitu viwili vyeupe, vya mviringo, kimoja kushoto kimoja kulia. Nimevichora jinsi nilivyoviona ila sijui ni nini.

Mwalimu wa Chati

Hayo ni mayai, mwanangu. Mjusi wa nyumbani hutaga mawili kwa mara moja. Kama bado yuko kwenye taa, mchore tena sasa hivi, na safari hii anza na tumbo.