Waingereza wanaulizwa, Wamorisi wanaulizwa. Wachagos je?

Ndugu zangu, tangu Uingereza na Morisi zitie saini mkataba wa Visiwa vya Chagos tarehe 22 Mei 2025, tumekuwa tukibishana kana kwamba kuna pande mbili tu. Wapo wanaosema mkoloni amerudisha mali ya watu, tushangilie, yaishe. Wapo wanaoleta tafiti za maoni kutoka Uingereza na kudai kwamba raia wengi wa kule hawautaki mkataba huu, kwa hiyo serikali yao haikuwa na ridhaa ya kutoa visiwa. Mimi nasema pande zote mbili mmemruka mwenye shauri. Mwenye neno la kwanza hapa ni Mchagos, na hajawahi kupigishwa kura hata mara moja.

Kwa asiyeijua habari yenyewe: Chagos ni visiwa vidogo katikati ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Morisi. Wazee wa Wachagos walipelekwa huko kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 wakiwa watumwa, wengi wakitoka Madagaska na Msumbiji, wakafanyishwa kazi kwenye mashamba ya minazi. Utumwa ulipokwisha walibaki pale pale, wakazaliana, wakawa na Krioli yao, makanisa yao na makaburi yao. Novemba 1965 Uingereza ikavimega visiwa hivyo kutoka koloni la Morisi, kabla Morisi haijapata uhuru mwaka 1968, na ikatoa pauni milioni 3. Mwaka uliofuata ikakubaliana na Marekani kuhusu kambi ya kijeshi, ambayo baadaye ilijengwa kwenye kisiwa kimoja cha Chagos, Diego Garcia. Kati ya 1968 na 1973 wenyeji wote waliondolewa, watu kati ya 1,500 na 2,000.

Mtu akiniambia ule ulikuwa uhamisho wa kawaida wa wafanyakazi wa shamba, namwomba asome habari za mbwa wa Diego Garcia. Mwaka 1971 iliamriwa mbwa wote wa kisiwa wauawe, na walikuwa mamia kwa mamia. Walijaribu risasi, wakajaribu sumu, mwishowe wakawafungia kwenye banda la kukaushia mbata na kuwaua kwa moshi wa magari. Watoto waliona mbwa wao wakipelekwa. Baada ya hapo ilikuwa zamu ya watu kupakiwa melini. Mama mmoja wa Peros Banhos, visiwa vingine vya Chagos, Liseby Elysé, aliieleza Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2018, kwa Krioli, kwenye video, kwamba alipandishwa meli akiwa mjamzito wa miezi minne, na mtoto huyo alipozaliwa akafa. Hajui kusoma wala kuandika, na majaji wa The Hague walikaa kimya wakamsikiliza.

Sasa, kwa nini watu hawa hawakuulizwa? Kwa sababu maofisa wa London waliamua kwenye makaratasi kwamba si wenyeji. Wakawaita vibarua wa mkataba, watu wa kuja na kuondoka, ili Umoja wa Mataifa usije ukadai haki ya wakazi kujiamulia mambo yao. Ukishamwambia mtu kwamba kwake si kwake, humdai tena ridhaa.

Linganisheni na Falkland, visiwa vya Atlantiki ya Kusini vinavyotawaliwa na Uingereza na kudaiwa na Argentina. Machi 2013 Uingereza hiyo hiyo iliwaacha wakazi wa visiwa vile wapige kura ya maoni kama wanataka kubaki chini yake. Kura 1,513 zilisema ndiyo, 3 zikasema hapana, na tangu siku hiyo kila Argentina inapofungua mdomo inajibiwa kwa takwimu hizo. Idadi ya waliopiga kura kule haina tofauti kubwa na idadi ya watu waliong'olewa Chagos. Kwa nini watu elfu moja na mia tano wa Falkland ni taifa lenye haki ya kuamua, na idadi kama hiyo ya watu wa Chagos ni vibarua? Anayetafuta maelezo yasiyogusa rangi ya ngozi atafute, mimi sijayaona.

Najua wengi mtanijibu kwa hukumu ya The Hague. Ni kweli, tarehe 25 Februari 2019, chini ya urais wa Jaji Abdulqawi Ahmed Yusuf wa Somalia, majaji 13 dhidi ya mmoja walitoa maoni kwamba kumegwa kwa Chagos hakukufuata sheria na kwamba Uingereza iondoke haraka iwezekanavyo. Mwezi Mei mwaka ule nchi 116 zikaunga mkono kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, 6 tu zikapinga. Nilifurahi sana siku hizo na sijabadilisha msimamo: Uingereza haina haki Chagos. Lakini someni vizuri. Mahakama ilizungumzia haki ya watu wa Morisi kama koloni moja lisilogawanywa. Suala la Wachagos kurudi makwao lilitajwa kama jambo la haki za binadamu la kushughulikiwa na Baraza Kuu. Yaani kisheria mwenye haki ya kujiamulia ni Morisi nzima, na Mchagos ni sehemu ndogo ndani yake.

Morisi nayo imewatendeaje? Waliposhushwa Port Louis, mji mkuu wa Morisi, waliishia kwenye vibanda, bila kazi, kwa sababu ujuzi wao ulikuwa mbata na uvuvi. Uingereza ilitoa pauni 650,000 mwaka 1972 za kuwasaidia. Serikali ya Morisi ilikaa nazo kwa miaka kadhaa kabla ya kuzigawa, na bei za vitu zilikuwa zimepanda. Fidia ya 1982, pauni milioni 4, ilikuja na karatasi za Kiingereza za kukana haki ya kurudi, na watu wasiojua kusoma wakaweka dole gumba. Kwa hiyo msishangae Wachagos wanaoishi Crawley, kule Uingereza, wakisema hawaiamini Port Louis. Wala msishangae kwamba Mchagos mwenzao Olivier Bancoult, ambaye amepigania kurudi tangu zamani na kuishinda serikali ya Uingereza mahakamani mwaka 2000, anaunga mkono mkataba. Wachagos wenyewe wamegawanyika. Usiku wa kuamkia siku ya saini, wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia walikimbilia mahakama ya London na kupata zuio la saa chache. Mchana likaondolewa, saini zikawekwa. Watu wakigawanyika namna hiyo, dawa ni sanduku la kura.

Hoja inayonisumbua kweli ni ile ya Mayotte, na ndugu aliyeileta ameileta vizuri. Anasema ukiwapa wakazi wa kila kisiwa kura ya peke yao, mkoloni habanduki: Desemba 1974 Wakomoro walipiga kura, karibu asilimia 95 wakataka uhuru, lakini Ufaransa ikahesabu kisiwa kwa kisiwa na kuibakiza Mayotte kwa sababu wengi kule walikataa. Leo ni mkoa wa Ufaransa, na watu wa Anjouan, kisiwa jirani cha Komoro, wanazama kwenye maboti wakijaribu kuvuka kwenda kwa ndugu zao. Uchungu huo naujua. Ila hali hizi mbili hazifanani. Mayotte kanuni ilibadilishwa baada ya kura kuhesabiwa. Chagos hakuna kura yoyote. Tena si lazima swali liwe "Uingereza au Morisi". Ingewezekana kabisa kukubali kwamba visiwa ni vya Morisi, halafu masharti ya kurudi, fedha na makazi yakapelekwa kwa Wachagos wa Morisi, Shelisheli na Uingereza wayapitishe au wayakatae.

Kwa sababu masharti yenyewe ndiyo haya: mkataba unasema Uingereza itakodi Diego Garcia kwa miaka 99, kwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka zinazokwenda serikali ya Morisi. Wachagos wametengewa mfuko wa pauni milioni 40, utakaosimamiwa na Morisi. Makazi yanaruhusiwa kwenye visiwa vingine. Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote, hairuhusiwi.

Nawaomba mnaoutetea mkataba mnijibu hili moja, na mnijibu bila kunirudisha The Hague. Wafilipino wanafanya kazi kwenye kambi ile, wanakula na kulala pale pale, na usalama wa Marekani haujadhurika. Ni kifungu gani cha usalama kinachomruhusu mpishi kutoka Manila kulala Diego Garcia, na kumkatalia mama aliyezaliwa pale?