Plazma au kuloweka: ipi inafaa mtama na maharagwe mvua zikiyumba?

Mtama_Teso
Wadau, kikundi cha wazalishaji wa mbegu huku Kumi, Uganda, kinataka kuamua: kitafute kifaa cha plazma baridi (hewa iliyopigwa umeme, ya kutibu mbegu kabla ya kupanda) au kibaki na kuloweka mbegu majini? Mbegu ni mtama na maharagwe, hazijapakwa dawa. Mvua za Machi hunyesha siku mbili, zikakata wiki mbili, halafu Aprili maji yanatuama shambani. Tunataka njia itakayovumilia hali zote mbili.

Fundi_Volti
Tuanze na kazi yenyewe ya plazma. Kifaa kinachotumia hewa ya kawaida kina mabamba mawili ya chuma, moja likiwa limefunikwa kwa kioo au seramiki, na mbegu hutandazwa katikati safu moja. Umeme wa volti nyingi huivunja hewa, ikatoa ozoni na oksidi za naitrojeni. Hizo huchubua nta ya ganda. Tone la maji lililokuwa likikaa kama ushanga sasa linatandaa, na mbegu hunywa haraka zaidi. Kuvu wa juu ya ganda, kama Fusarium na Aspergillus, nao hupungua. Waliokwisha kuingia ndani hawafikiwi.

Ila kiasi cha maji ambacho mbegu inahitaji hakipungui. Punje ya hindi haioti mpaka unyevu wake ufike karibu 30%, soya karibu 50%. Udongo ukiwa mkavu, wepesi wa kunywa hausaidii kitu.

Kwa maharagwe kuna tatizo la vipimo. Hewa huvunjika (huanza kupitisha umeme) kwa takriban kilovolti 3 kwa kila milimita. Mtama unaenea kwenye pengo la milimita 5. Maharagwe yanataka 8 hivi, yaani kilovolti 24, na transfoma ya mabango ya neoni iliyoandikwa kilovolti 15 (hiyo ni thamani ya wastani, RMS) kilele chake ni 21 tu. Ukilazimisha, cheche zinapiga sehemu moja na kuunguza ganda.

Mama_Wimbi
Kuloweka ndicho kipimo ambacho plazma lazima ikishinde, maana gharama yake ni ndoo na saa. Mtama saa 8 hadi 10, mahindi usiku mmoja, maji mara mbili ya ujazo wa mbegu. Mwaga maji, anika kivulini mpaka punje zisigandane mkononi, panda siku hiyo hiyo. Mvua ikichelewa, endelea kuanika mpaka uzito urudi ulipokuwa. Ukizidisha saa na kizizi kikachomoza, huwezi tena kukausha, mbegu imekufa.

Maharagwe msiloweke. Yakiwa makavu sana hunywa kwa pupa, ndani yanapasuka, sukari inavuja na kuvu wa udongoni wanakaribishwa mezani. Kwa hiyo hata hiyo plazma ya kuharakisha maji naitilia shaka kwa maharagwe, hasa Aprili shamba likiwa bwawa.

Kipima_Mbegu
Msibishane, pimeni. Mtama: punje 400 kwa kila njia, makundi manne ya mia mia, hesabu siku ya 4 na ya 10. Njia ziwe nne: kavu, iliyolowekwa, ya plazma, na iliyopitishwa kwenye mashine umeme ukiwa umezimwa. Hiyo ya mwisho wengi huiacha, kisha msuguano wa mabamba unahesabiwa kuwa ni plazma.

Ukame mtauiga kwa PEG 6000, kemikali inayoyeyuka majini na kuyafanya yawe magumu kwa mbegu kuyanywa. Kwa nyuzijoto 25, gramu 100 kwa kilo ya maji ni karibu -0.15 MPa (megapaskali; kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri, ukame ni mkali zaidi), gramu 200 ni -0.5, gramu 300 ni -1.0. Mafuriko: mchanga wenye maji sentimita moja juu yake kwa saa 48, kisha yatolewe. Pimeni pia uzito wa punje 50 zikiwa zimekaa majini saa 1, 2, 4 na 8. Kama plazma haikuharakisha unywaji, huenda muda wenu wa plazma haukutosha.

Fundi_Volti
Muda jaribuni sekunde 30, 60, 120 na 300. Kiwango bora hubadilika kwa kila aina, na kikipita, uotaji unashuka chini ya mbegu kavu. Unyevu wa mbegu uwe sawa, 12% au 13%. Mbegu mbichi hubadilisha cheche zote. Pia ganda hurudia hali yake likihifadhiwa, kwa hiyo msipige plazma leo mkapanda baada ya miezi.

Usalama: ethi ya kweli (waya wa kupeleka umeme ardhini), swichi inayokata umeme mlango ukifunguliwa, na hewa itolewe nje kwa feni. Ukisikia harufu ya ozoni chumbani, zima.

Mtama_Teso
Na mbegu za dukani, zile za rangi ya waridi?

Mama_Wimbi
Hizo ni za dawa. Msiziloweke, kwani dawa inatoka na maji yake ni sumu kwa kuku na watoto. Pandeni kama zilivyo, kwa glavu.

Fundi_Volti
Wala plazma. Itaishia kuchoma rangi, isifike kwenye ganda.