Albamu ya mkusanyiko ina thamani gani katika roki ya progresivu?

Mkazi wa Ujiji: Ndugu zangu, bando langu linatosha kupakua albamu moja tu kwa wiki. Kwa anayeanza kusikiliza roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, je, nichukue mkusanyiko wa nyimbo teule za bendi ya Pink Floyd wa mwaka 2001, Echoes, au albamu kamili?

Wa Mwanga, Kigoma: Chukua albamu kamili, ndugu yangu. Wimbo uliopewa mkusanyiko huo jina ulikuwa na zaidi ya dakika 23 ulipotoka mwaka 1971, nao humo umekatwa ukabaki na takriban 16, ilhali kwangu urefu ule ndio muziki wenyewe: noti moja ya piano inadondoka kama tone mtungini, kisha unangoja, na kungoja huko kuna utamu wake.

Wa Isevya, Tabora: Nakubali, lakini tusiitupe mikusanyiko yote. Ule wa bendi ya King Crimson wa miaka ya 1970, A Young Person's Guide, una rekodi ya awali ya wimbo I Talk to the Wind aliyoiimba mwimbaji Judy Dyble, ambayo albamu yao ya 1969 haina. Huo ni hazina.

Mkazi wa Ujiji: Ahsanteni sana. Usiku huu napakua Meddle, albamu ya Pink Floyd ya 1971 yenye wimbo Echoes mzima.