Naomba ushauri: mjadala wetu umegeuka matusi

Ndugu zangu, naongoza mjadala wa mtaa hapa Bombo, Uganda. Mada ni za kawaida: bei ya kahawa, ushuru wa soko, mitaro. Lakini mtu hajamaliza sentensi ya pili, keshaulizwa kabila lake, chama chake na nani kamtuma. Wanaosubiri zamu hawasikilizi, wananoa majibu tu.

Wengine wanatutisha kwa mfano wa bimeeza, mijadala ya wazi ya redio iliyopigwa marufuku 2009 baada ya ghasia za Kampala (ingawa ile ilizimwa na serikali, si na makelele yake).

Nafikiria kumtaka kila msemaji arudie kwanza hoja ya mwenzake ndipo aipinge. Kuna aliyejaribu? Na mzee anayeheshimika akitukana, namnyamazishaje bila kumvunjia heshima?