Je, aliyempa mwenzake dawa za kulevya awajibike kwa kifo chake?

Wapo wanaosema kwamba yeyote anayemuuzia au kumpa mwenzake dawa za kulevya, kisha mwenzake akafa, ashtakiwe kwa kuua. Nauelewa uchungu uliozaa kauli hiyo, lakini siikubali, kwa sababu inachanganya kosa la kuuza kilichopigwa marufuku, ambalo tayari lina adhabu yake, na kosa la kutoa uhai.

Mwaka 2007 Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa wakati huo mahakama ya mwisho ya rufaa, lilipokea rufaa ya mtu aliyetayarisha sindano ya heroini na kumkabidhi mwenzake, ambaye alijidunga mwenyewe akafa. Majaji walifuta hatia ya kuua bila kukusudia, wakieleza kwamba mtu mzima mwenye akili timamu akijidunga kwa hiari na kwa kujua, tendo hilo ni lake. Marekani ilishika njia kali zaidi: sheria ya mwaka 1986, iliyopitishwa miezi michache baada ya mchezaji wa mpira wa kikapu Len Bias kufa kwa kokeini, iliweka kifungo kisichopungua miaka 20 pale dawa iliyosambazwa inaposababisha kifo. Hata hivyo, mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya huko ilisema kwamba, ikiwa dawa hiyo peke yake isingetosha kuua, haitoshi kuonyesha kuwa ilichangia. Ni lazima ithibitike kwamba bila hiyo marehemu asingekufa.

Nakiri kwamba hoja ya hiari ina tundu. Anayeuziwa fentanili, dawa yenye nguvu kuliko heroini, akiambiwa ni heroini hakuchagua alichotumia, na muuzaji aliyejua hilo hana pa kujifichia.

Kwangu mimi, uzito zaidi uko katika dakika zinazofuata baada ya mtumiaji kuzidiwa. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ya England iliafiki hatia ya kuua bila kukusudia ya mtu aliyempatia ndugu yake heroini, akaona dalili za hatari, asiite msaada. Hilo naliona haki. Lakini tukimwita muuaji kila aliyetoa dawa, tunampa sababu ya kukimbia badala ya kupiga simu, ilhali naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini mwilini, ikiwahi huweza kumrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini.

Wanaotaka shtaka la kuua kwa kila hali wanijibu hili: marafiki wawili wamechanga fedha, mmoja akaenda kununua, wakatumia pamoja, mmoja akafa. Aliyebaki hai ni muuzaji?