Thredi haisimami mpaka niweke println

Swali
Wakuu, naombeni msaada, huu ni usiku wa pili. Nina thredi ya Java (kazi inayoendeshwa sambamba na nyingine ndani ya programu) inayotafuta namba tasa ndani ya kitanzi cha `while (endelea)`. Kitufe cha Simamisha kinaweka `endelea = false`, ila kitanzi hakikomi. Nikiweka `System.out.println(n)` ndani yake ili ichapishe namba, kinakoma vizuri. Nikiitoa, tatizo linarudi! Nimejaribu `stop()`, Java 21 inanirushia UnsupportedOperationException.

Jibu
Andika `private volatile boolean endelea = true;`. Neno hilo linahakikisha badiliko la thredi moja linaonwa na nyingine. Bila `volatile`, kompaila ya JIT (inayotafsiri msimbo kuwa wa mashine programu ikiwa inaendeshwa) ikiona hakuna kinachogusa `endelea` ndani ya kitanzi, ina ruhusa ya kuisoma mara moja tu, kisha kitanzi kinageuka kuwa `while (true)`. Ndani ya println kuna kufuli (kinachoruhusu thredi moja tu kwa wakati), na hilo ndilo huizuia JIT isifanye hivyo. Usiitegemee, ni bahati tu.

`stop()` isahau. Watu wameonywa waiache tangu Java 1.2, mwaka 1998, na kuanzia Java 20 haisimamishi chochote. Ilikuwa inaikata thredi popote ilipo na kuachia kufuli zake zote, hata kama data imeandikwa nusu.

Muulizaji
Volatile imekubali, asante sana mkuu! Sasa nimeongeza `Thread.sleep(60000)` kila mzunguko. Nikibonyeza kitufe, nangoja dakika nzima.

Jibu la pili
Bendera, yaani hiyo `endelea`, haiiamshi thredi iliyolala. Ita `thredi.interrupt()`, na sleep itarusha InterruptedException saa hiyo hiyo.

Muulizaji
Nimeondoa bendera, naangalia `!Thread.currentThread().isInterrupted()`. Inaamka kweli, halafu inaendelea na kazi kama kawaida!

Jibu la pili
Bila shaka catch yako (sehemu inayodaka kosa lililorushwa ndani ya `try`) iko tupu, tena ndani ya kitanzi. Sleep ikirusha InterruptedException inafuta ile alama ya interrupt, kwa hiyo `while` ikiangalia haioni kitu. Ndani ya catch andika `Thread.currentThread().interrupt();`, au weka `try` nje ya `while` ili kosa lenyewe likutoe. Mimi napenda hii ya pili. Niliwahi kuhangaika wiki nzima na seva isiyozimika, kumbe ni catch tupu moja niliyoiandika mwenyewe.

Ukimaliza, ita `thredi.join()`, inayongoja thredi imalize, kabla ya kuhifadhi matokeo.

Muulizaji
Nimetoa try nje. Inasimama papo hapo.